Kupaka na kusoma vimentini kwenye saratani ya kinywa: mwongozo wa benchi kwa maabara za Nairobi

Kipande kilikuwa cha ulimi, upande wa kushoto, cha mzee aliyevuta sigara tangu ujana wake. Daktari wa patholojia alikuwa ameshasoma slaidi ya kawaida, ile ya himatoksilini na eosini, na hakuwa na shaka: saratani ya seli bapa, aina inayochukua zaidi ya 90% ya saratani za kinywa. Kwangu alitaka kipimo cha vimentini, mojawapo ya protini za kiunzi cha seli. Nilifuata karatasi iliyokuja na kingamwili, ile protini inayoishika vimentini ili ipate rangi, neno kwa neno, nikachemsha slaidi kwenye sufuria ya wazi kwa dakika 20, nikapaka, nikaiweka chini ya hadubini. Seli za saratani hazikuwa na kahawia, rangi inayoonyesha vimentini ipo, hata kidogo. Nikaandika "hasi", nikampelekea.

Hazikupita dakika kumi akawa mlangoni.

"Umeangalia mishipa ya damu?"

"Sijaiangalia, Daktari. Niliangalia saratani."

"Nenda kaanze na mishipa."

Mishipa nayo ilikuwa imepauka. Sasa, ukuta wa mshipa wa damu una vimentini siku zote, kwa mgonjwa na kwa mzima. Ukipauka, jua slaidi haikuiva. Jibu langu la "hasi" lilikuwa uongo, ingawa sikukusudia kudanganya, na kama lingeingia kwenye faili la yule mzee lingebaki humo. Siku ile ndiyo iliyonifundisha kazi hii, na mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa benchi, hasa vijana walio kwenye mafunzo, ili wasipitie njia hiyo hiyo.

Kwanza ijue protini yenyewe

Ndani ya seli kuna kiunzi cha nyuzi za aina tatu. Nyembamba ni za aktini, unene wake nanomita 7 hivi. Nene ni mirija midogo, nanomita 25. Baina yake ziko nyuzi za kati, zenye nanomita 10, na humo ndimo zilimo keratini na vimentini. Keratini, ambayo jina lake linatokana na neno la Kigiriki la pembe, hukaa kwenye seli za ngozi na za utando wa kinywa. Vimentini hukaa kwenye tishu unganishi: fibroblasti, kuta za mishipa, chembe nyeupe za damu. Waliolibuni jina hilo mwaka 1978 walilitoa kwenye Kilatini, *vimentum*, maana yake fito zinazopindika. Aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa hahitaji maelezo zaidi. Fito ndizo zinazoufanya ukuta unese unaposukumwa badala ya kukatika.

Seli ya utando wa shavu imefungwa na jirani zake pande zote. Nyuzi za keratini huenea ndani yake na kushika kwenye desmosomu, vile vifungo vinavyounganisha seli na seli. Seli za tabaka la chini kabisa zimefungwa pia na utando msingi ulio chini yake. Keratini zenyewe huenda jozi jozi. Tabaka la chini lina K5 na K14. Tabaka za juu za shavu zina K4 na K13. Kwenye ufizi na kaakaa gumu, mahali panaposuguliwa na chakula kila siku, utakuta K1 na K10.

Saratani inapoendelea, mpangilio huo huvurugika. K13 hupotea. K17, ambayo kwenye utando mzima ni nadra kuiona, hujitokeza. K8 na K18, ambazo kwao ni kwenye tezi na utumbo, huzuka mahali pasipo pao. E-kadherini, protini inayoshikamanisha seli na jirani zake, hupungua. Na kwenye baadhi ya uvimbe, hasa ukingoni ule unaochimba kuelekea ndani, seli za utando huanza kutengeneza vimentini, jambo ambalo si desturi yake. Hapo seli hurefuka, hujitenga na kundi, hupenya tishu, na zikiukuta mshipa wa limfu zinaelekea kwenye tezi za shingo.

Vimentini ina kazi katika mwendo huo. Mwaka 1994 walipatikana panya waliozalishwa bila vimentini kabisa. Waliishi na kuzaa kama wengine. Baadaye ilionekana kwamba vidonda vyao huchelewa kupona, kwa kuwa fibroblasti zao ni dhaifu na hazisogei vizuri. Yaani seli tuli inaweza kuishi bila fito hizi, lakini seli inayosafiri na kujipenyeza inazihitaji. Seli ya saratani inaazima chombo ambacho mwili uliweka kwa ajili ya kuponya kidonda.

Jambo moja zaidi kabla ya kuvaa glavu. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha uchambuzi wa seli moja moja, karibu 6,000, kutoka kwa wagonjwa 18 wa saratani ya kichwa na shingo. Waligundua kwamba seli za saratani zilizo ukingoni huchukua baadhi tu ya tabia za tishu unganishi, vimentini ikiwemo, huku zikibaki na alama zake za utando. Hazigeuki moja kwa moja. Kwa mtu wa benchi maana yake ni hii: slaidi ya vimentini peke yake haikuambii kitu. Lazima iwe na mwenzake wa keratini pembeni.

Hatua ya 1: Jua unauliza nini

Saratani ya seli bapa ya kawaida haihitaji vimentini ili itambuliwe. Himatoksilini na eosini zinatosha. Ukiletewa ombi la vimentini, muulize daktari kwa heshima anatafuta nini, maana kingamwili ni ghali na huagizwa kutoka nje, na tone lililopotea halirudi.

Kuna sababu mbili nzuri. Ya kwanza, uvimbe una seli ndefu zilizochongoka ncha zote mbili na haijulikani kama ni saratani ya utando iliyobadilika umbo au ni sarkoma, yaani saratani ya tishu unganishi. Hapo vimentini itakuwa chanya kwa zote mbili, kwa hiyo uamuzi unategemea keratini na p63 au p40, protini ambazo ni alama za seli bapa. Ya pili ni utafiti: mwanafunzi wa uzamili anataka kujua kama uvimbe wenye vimentini ukingoni ndio ulioenea shingoni. Kwa utafiti, usiguse bloku hata moja, yaani kipande kilichogandishwa ndani ya nta, kabla ya kuona kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Bloku ile ni mwili wa mtu.

Hatua ya 2: Formalini

Nairobi tunapokea vipande kutoka mbali. Kimetoka Garissa au Kisii, kimesafiri usiku kucha kwenye basi, na kinapofika mezani kwako makosa yote ya njiani yameshakaa ndani yake. Kwa hiyo hatua hii naitilia mkazo hata kama si wewe uliyekata kipande. Wapigie simu wenzako wa kaunti. Waelekeze.

Formalini inayofaa ni ile ya 10% iliyosawazishwa asidi yake. Kwa lita moja:

- formaldehaidi ya dukani ya 37–40%: mililita 100
- maji ya distili: mililita 900
- sodiamu dihidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji: gramu 4
- disodiamu hidrojeni fosfeti kavu: gramu 6.5

Ujazo wake uwe angalau mara kumi ya kipande. Nimeona kipande cha taya kimebanwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, formalini imefika nusu. Upande mmoja ulikuwa umehifadhika, upande mwingine umeoza. Nimeona pia vipande vilivyotumwa ndani ya maji ya chumvi ya dripu kwa siku mbili. Hivyo haviokoleki, na mgonjwa atalazimika kukatwa tena. Nani atamwambia?

Kipande kidogo cha biopsi kikae kwenye formalini saa 6 hadi 24. Kikubwa cha upasuaji kipasuliwe vipande vya unene wa milimita 3 hadi 5, kisha kikae saa 24 hadi 48. Formalini huingia polepole, si zaidi ya milimita moja kwa saa, na baada ya kuingia bado huhitaji muda wa kuzifunga protini. Muda ukipungua, katikati kutabaki kubichi na kutahifadhiwa na alkoholi badala ya formalini. Ukizidi siku kadhaa, protini zitafungwa mno na kingamwili haitaona pa kushika. Andika kwenye fomu saa kipande kilipoingia na saa kilipotoka. Maabara nyingi haziandiki, halafu slaidi ikikataa watu wanailaumu kingamwili.

Hatua ya 3: Kukata

Kata mikromita 3 hadi 4. Kata vipande vinne vinavyofuatana bila kuruka: cha himatoksilini na eosini, cha keratini, cha vimentini, na kimoja ambacho hakitatiwa kingamwili ya kwanza, ile inayoishika protini yenyewe. Kufuatana ni muhimu kwa sababu utahitaji kukiona kikundi kile kile cha seli kwenye slaidi zote nne.

Tumia slaidi zenye chaji ya umeme, ambayo huishika tishu. Slaidi za kawaida zitaachia tishu wakati wa kuchemsha, hasa tishu ya ulimi yenye misuli na ile ya shavu yenye mafuta.

Kwenye kila slaidi, pembeni, weka kipande kidogo cha tonsili. Tonsili ni zawadi kwetu: juu ina utando wa seli bapa wenye keratini, chini imejaa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, na mishipa, vyote vyenye vimentini. Kipande kimoja kinakupa ushahidi wa protini zote mbili.

Oka kwa nyuzi joto 60 za Selsiasi kwa saa moja. Stima ikikatika katikati, anza kuhesabu upya inaporudi.

Hatua ya 4: Kuondoa nta, kisha kuchemsha

Zailini mara tatu, dakika 5 kila mara. Alkoholi ya 100% mara mbili, ya 95%, ya 70%, kisha maji. Peroksidi ya hidrojeni ya 3% kwa dakika 10, kuzima peroksidezi iliyomo kwenye chembe nyekundu za damu. Usipoizima itakuletea kahawia ya uongo. Suuza.

Sasa tumefika kwenye kosa langu.

Formalini huzifunga protini kwa vidaraja vidogo vya kemikali, na mahali ambapo kingamwili ingeshika panafichika. Tangu 1991, ilipochapishwa mbinu ya kuchemsha slaidi, tunavifungua vidaraja hivyo kwa joto. Karatasi nyingi za watengenezaji huandika: "nyuzi 95 hadi 99, dakika 20." Zimeandikwa na watu wanaofanya kazi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria ya wazi ikitokota kwa fujo, mvuke ukijaa chumba, bado haijafika 95 na haitafika hata ukichochea moto hadi kesho. Mwenzako wa Mombasa akifuata karatasi ile ile anapata nyuzi 100. Wa Kisumu anapata 96. Wa Eldoret anapata pungufu kuliko sisi, karibu 93.

Nyuzi nne au tano zinaonekana chache, lakini kufunguka kwa vidaraja hivyo kunategemea sana joto. Nilichemsha kwa 94 kwa muda uliopangiwa 98. Ndiyo maana mishipa ilipauka.

Dawa yake ni sufuria ya presha, ile ile ya kupikia maharagwe, lakini iwe ya maabara peke yake na iandikwe hivyo kwa rangi isiyofutika. Kizibo chenye presha ya pauni 15 kinachofikisha nyuzi 121 Mombasa kitafikisha kama 118 hapa Nairobi. Zinatosha kabisa. Fanya hivi:

1. Tengeneza bafa ya sitrati: gramu 2.94 za trisodiamu sitrati yenye molekuli mbili za maji kwa lita moja ya maji ya distili. Rekebisha pH iwe 6.0 kwa asidi ya haidrokloriki, kisha ongeza mililita 0.5 za Tween 20, aina ya sabuni laini. Pima pH kwa mita iliyosawazishwa asubuhi hiyo. Usitumie maji ya kisima cha kuchimbwa, kwa kuwa mengi ya hapa yana chumvi na floraidi nyingi.
2. Chemsha bafa kwanza bila slaidi, sufuria ikiwa wazi.
3. Inapotokota, tumbukiza slaidi zikiwa kwenye rafu ya chuma. Funga kifuniko.
4. Kizibo kikianza kupiga filimbi na presha ikatulia, hesabu dakika 3. Kwa kipande kilichokaa formalini muda mrefu mimi huenda hadi 5.
5. Zima. Weka sufuria chini ya bomba la maji baridi mpaka presha iishe yote, ndipo ufungue. Usiharakishe, mvuke wa nyuzi 118 unachuna ngozi.
6. Acha slaidi ndani ya bafa dakika 20 zipoe polepole, kisha suuza kwa bafa ya trisi yenye chumvi na Tween kidogo.

Kuanzia hapa slaidi isikauke hata dakika moja. Ikikauka, ukingo wa kipande utashika kahawia wote, na ukingo ndio hasa tunaotaka kuusoma.

Hatua ya 5: Kingamwili

Kwa vimentini mimi hutumia kingamwili ya panya inayoitwa V9. Kwa keratini, mchanganyiko wa AE1/AE3. Zote mbili zimetumika duniani kwa miaka mingi na tabia zake zinajulikana.

Chupa mpya ikifika, usiamini kipimo kilichoandikwa. Chukua slaidi tano za tonsili ujaribu kuizimua kwa 1:50, 1:100, 1:200, 1:400 na 1:800. Kipimo unachotaka ni kile ambacho mishipa na limfosaiti zimeiva vizuri na utando wa juu umebaki safi. Ukichagua kilicho kizito zaidi kwa kuwa kinapendeza macho, utapata ukungu wa kahawia kila mahali na utaanza kuona vimentini ambapo haipo.

Weka slaidi kwenye sanduku lenye karatasi iliyoloweshwa. Tia mikrolita 150 kila slaidi, dakika 60. Halafu angalia kipimajoto cha ukutani. Karatasi ikisema "joto la chumba", mwandishi ana maana ya nyuzi 20 hadi 25. Julai hapa Nairobi, maabara isiyo na hita inaweza kuwa na 17 asubuhi, na slaidi za Julai zitakuwa hafifu kuliko za Februari bila mtu kujua sababu. Tumia kabati la joto la nyuzi 25, au acha slaidi usiku kucha kwenye friji ya nyuzi 4. Chagua njia moja uishike mwaka mzima.

Suuza mara tatu, tia kingamwili ya pili yenye polima na peroksidezi kwa dakika 30, suuza tena.

Hatua ya 6: Rangi

Tia DAB, kemikali inayotoa ile rangi ya kahawia, kwa dakika 5, ukiangalia tonsili chini ya hadubini. Mishipa ikifikia kahawia iliyokolea, simamisha slaidi zote kwa wakati mmoja. DAB inashukiwa kusababisha saratani: glavu, chombo maalumu cha taka, na kamwe isimwagwe kwenye sinki. Himatoksilini nusu dakika hadi moja, maji ya bomba mpaka ibluu, alkoholi, zailini, gundi ya DPX, kioo cha juu.

Hatua ya 7: Kusoma

Watu wengi hukosea hapa hata baada ya kupaka vizuri, kwa sababu macho hukimbilia kahawia. Mimi husoma kwa mpangilio usiobadilika.

Naanza na slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza. Haitakiwi kuwa na kahawia. Lakini huku kwetu mara nyingi ipo, nayo ni melanini. Fizi na mashavu ya watu wetu yana rangi ya asili, na melanini hujipanga kwenye tabaka la chini la utando, kahawia juu ya kahawia. Asiyeangalia slaidi hii ataandika kwamba seli za tabaka la chini zimeanza kutengeneza vimentini, kumbe ni rangi ambayo mgonjwa alizaliwa nayo. Vitabu vingi vimeandikwa kwa picha za fizi za waridi na havitakuonya. Kama melanini ni nyingi, rudia kwa AEC inayotoa rangi nyekundu, ukikumbuka kwamba AEC huyeyuka kwenye alkoholi na huhitaji gundi ya maji. Au tumia Giemsa badala ya himatoksilini: melanini itageuka kijani chenye ubluu, DAB itabaki kahawia.

Pili, tonsili. Tatu, mishipa ya damu ndani ya kipande cha mgonjwa mwenyewe. Tonsili inathibitisha kwamba upakaji ulikwenda sawa. Mishipa ya mgonjwa inathibitisha kwamba kipande chake kilihifadhiwa vizuri. Tonsili ikiiva na mishipa ikapauka, tatizo ni formalini ya huko kilikotoka. Zote zikipauka, rudi kwenye sufuria. Katika hali zote mbili huna ruhusa ya kuandika "hasi".

Ndipo nasogea kwenye saratani. Kwa lenzi ndogo natafuta ukingo wa uvamizi, pale uvimbe unapokutana na misuli au mafuta, sehemu ya ndani kabisa. Katikati ya uvimbe seli mara nyingi bado zina keratini tele na zimeshikana. Hapo hutapata mengi. Kwenye slaidi ya keratini natafuta machipukizi: seli moja peke yake, au kikundi cha seli chini ya tano, kilichojitenga na uvimbe. Kwa himatoksilini na eosini pekee machipukizi hujificha katikati ya limfosaiti. Keratini huyafichua kama taa. Slaidi hiyo hiyo humsaidia daktari kupima kina cha uvamizi, kipimo kilichoingizwa kwenye toleo la nane la upangaji wa hatua za saratani, linalotumika tangu 2018: milimita 5 na milimita 10 ndiyo mipaka inayoupandisha uvimbe daraja.

Nikishapata chipukizi lenye keratini, naweka alama mahali pake, naweka slaidi ya vimentini, na kulitafuta chipukizi lile lile. Kahawia hapo ina mwenyewe: ni seli ya saratani yenye keratini na vimentini pamoja. Hiyo ndiyo seli tunayoitafuta.

Ikiwa seli yenye kahawia haina mwenzake kwenye slaidi ya keratini, usiihesabu bado. Inaweza kuwa fibroblasti, na fibroblasti zilizochangamka karibu na saratani ni ndefu na zina viini vikubwa vinavyotisha. Inaweza kuwa makrofaji. Na ndani ya utando wenyewe kuna seli za Langerhans na melanosaiti, zenye mikono mirefu inayopenya kati ya seli nyingine, zote zina vimentini kwa haki yake. Mwanafunzi mmoja aliniletea hesabu ya 60% kwenye uvimbe wa shavu. Tulikaa pamoja alasiri nzima tukipitia sehemu moja moja, slaidi mbili kwa zamu. Tulipoondoa limfosaiti na fibroblasti ilibaki chini ya 10%, na zote zilikuwa ukingoni. Uvimbe ule bado ulikuwa na habari ya kusema, lakini ilikuwa habari nyingine kabisa.

Kama una uwezo, paka protini zote mbili kwenye slaidi moja, keratini nyekundu na vimentini kahawia. Ni gharama zaidi, ila ubishi wote unaisha.

Hatua ya 8: Kuandika

Usiandike "chanya" au "hasi" pekee. Hakuna kizingiti cha vimentini kinachokubaliwa na maabara zote, kwa hiyo neno moja halimsaidii msomaji. Andika asilimia ya seli za saratani, ukali wa rangi kuanzia 0 hadi 3, na mahali. Mfano wa maelezo ninayompa daktari:

"Vimentini (V9): mishipa ya ndani imeiva vizuri. Seli za saratani zilizo katikati ya uvimbe hazikushika. Ukingoni, takriban 10% ya seli za saratani zimeshika kwa ukali wa 2, hasa kwenye machipukizi ambayo yana keratini (AE1/AE3) kwenye slaidi inayofuata. Slaidi isiyo na kingamwili ina melanini kidogo kwenye tabaka la chini, haikuhesabiwa."

Uamuzi wa tiba si wetu, na matokeo ya vimentini peke yake hayabadilishi upasuaji wala mionzi. Mgonjwa akikutana nawe koridoni akikuuliza, "Mwanangu, umeonaje?", mrudishe kwa daktari wake kwa upole, wala usimwambie kwamba hujui.

Kwenye daftari la benchi weka tarehe, namba ya chupa ya kingamwili, kipimo, pH ya bafa, dakika za presha, joto la chumba, na muda wa formalini kama uliandikwa. Kisha ziba uso wa bloku kwa nta nyembamba na uirudishe kabatini siku hiyo hiyo, maana bloku ya yule mzee wa ulimi ilinibidi niikate tena, na kama ingekuwa imeachwa mezani karibu na dirisha lenye jua la saa tisa nisingepata kitu. Niliichemsha kwa presha dakika 3. Mishipa ikaiva, na ukingoni, kati ya nyuzi za misuli, machipukizi yalikuwa yamejaa kahawia. Nilichukua ile karatasi ya kwanza kwenye faili, nikalipiga jibu la zamani mstari mmoja ili bado lisomeke, nikaweka sahihi na tarehe, nikaandika jibu jipya chini yake.